Mlango Tuliougeuza Benchi

Tarehe kumi na nne mwezi wa Agosti, siku ya Jumatano, miaka mitatu iliyopita, nilimpoteza binti yangu Bosibori. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mapafu yake yaliugua majuma sita, kisha yakachoka. Kuna kitu kingine nilichokuwa nimempotezea yeye zamani, akiwa bado mtoto, na sikujua hadi tulipokuwa tumeshamzika. Hicho ndicho nimekuja kuwaeleza.

Ndugu zangu wa Masimba, Bwana apewe sifa, nami nipewe subira yenu. Ninasoma polepole. Shule niliachia darasa la sita, na haya nimeyaandika kwenye daftari kwa sababu nikisimama mbele ya watu maneno hunikimbia. Mama mchungaji wenu ameniambia nisome kama ninavyosoma barua. Basi ipokeeni kama barua. Ni barua ya furaha, ingawa imeanzia kaburini.

Mimi ni mjane. Nachuma chai na kupanda ndizi juu kule Nyaramba. Mume wangu alitangulia zamani, na Bosibori alikuwa mtoto wangu wa pekee wa kike. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu alikwenda kambi ya watoto wa kanisa, siku nne. Aliondoka akiimba, akarudi kimya. Jumapili iliyofuata alikataa kwenda kanisani, nikamlazimisha. Jumapili ya pili nikakuta gauni lake jeupe la kwaya liko kwenye meko, nusu limeungua. Nikamchapa kwa ajili ya gauni. Ndugu zangu, nilimchapa sana. Sikumuuliza hata neno moja.

Kwa wageni walio kati yetu, niseme kidogo kwa nini sikuuliza. Sisi Wakisii tuna heshima ambayo kwa lugha yetu tunaiita ensoni. Mzazi na mtoto wake hawatajiani mambo ya mwili. Mama na binti hawatajiani. Baba na binti ndiyo kabisa, na baba si yule aliyekuzaa peke yake, ni ndugu zake wote na rika lake lote. Mwanamke na baba mkwe wake hata mkono hawapeani. Lakini nyanya na mjukuu hawana kizuizi chochote. Nyanya humwita mjukuu wa kiume mume wake, na mjukuu wa kike ni mke mwenzake. Wanataniana, wanatukanana kwa kicheko, wanaambiana kila kitu. Bibi mzaa baba wa Bosibori ndiye angemuuliza lile swali, nasi tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Kwa hivyo hakuna aliyeuliza.

Bosibori alikua, akajifunza kushona, akapata kibanda chake Keroka. Alinipenda. Kila alipokuja nyumbani alinisindikiza kanisani, akinibebea Biblia yangu. Alinifikisha hadi langoni. Pale langoni kuna jiwe kubwa. Alikuwa akinikabidhi Biblia, anaketi juu ya jiwe lile, ananingoja hadi ibada iishe. Ilikuwa hivyo miaka kumi na minane. Mvua ikinyesha alifungua mwavuli. Watu walisema amerudi nyuma kiimani, nami nikamwombea kila juma aingie ndani. Kutoka nje nikaketi naye kwenye jiwe, hilo sikuwahi kulifanya.

Amekwenda na lake. Lilikuwa jambo gani, mpaka leo sijui, na sitajifanya najua.

Baada ya mazishi nilihamia kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo naweza kuliona lile jiwe. Niliacha kuimba. Vitabu vilipofunguliwa nilifungua changu, mdomo ukabaki umefungwa. Niliendelea hivyo mwaka mzima na zaidi. Waliokuwa wakinisogelea ni watoto tu, na nitakuwa mkweli, walisogelea njugu. Nilikuwa naweka njugu karanga za kukaanga kwenye mfuko wa sweta. Kuna kijana mmoja wa miaka mitano ambaye alikuwa amenichumbia rasmi. Kila Jumapili alinijia na kuniambia, "Mke wangu, leo umenipikia nini?" Nampa njugu tano. Anazihesabu, anasema nitaachika.

Sasa nije kwenye kosa letu, maana ni kosa la watu wema na ndiyo sababu linafaa kusimuliwa.

Bosibori akiwa bado hai, barua ilikuja kutoka kwa viongozi wa juu wa kanisa. Ilisema kila ushirika uwe na mtu wa kulinda watoto na watu wazima wasioweza kujitetea, ili yeyote anayeonewa awe na mahali pa kusema. Tuliketi, tukaomba, tukamchagua Mzee Momanyi. Ameniruhusu nimtaje. Alisema, "Taja jina langu, wasije wakadhani ni mzee mwingine." Alikuwa mwalimu mkuu, sasa amestaafu. Akikohoa, kanisa zima linanyamaza. Katika ukoo ni ndugu mdogo wa baba wa mume wangu, kwa hivyo kwangu mimi ni baba mkwe, na kwa akina mama karibu wote wa kanisa letu ni hivyo hivyo. Watoto wanamwita baba. Tulimchagua yeye kwa sababu tunamheshimu kuliko wote.

Mnaona tulichofanya? Tulitafuta mtu wa kuambiwa mambo mazito, tukamchagua yule ambaye kwa desturi yetu hakuna mtoto wala mwanamke anayeweza kuyatamka mbele yake! Tukabandika karatasi ukutani: Mwenye shida amwone Mzee. Kila mwisho wa mwaka alisimama akasoma ripoti yake kwamba hakuna tatizo lolote lililoletwa, nasi tukapiga makofi. Miaka minne tulipiga makofi. Hata mimi nilipiga, nikiwa na Bosibori wangu hapo nje juu ya jiwe.

Kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja katika kwaya ya watoto. Nimeomba ruhusa yake na ya mama yake kabla ya kuandika. Jina la kutumia alilichagua mwenyewe. Alisema tumwite Kemunto. Alikuwa na sauti ya kuongoza, tena mchokozi. Siku moja aliniambia sweta langu lina umri mkubwa kuliko mchungaji.

Jumapili moja, ibada imeshaanza, nikatazama nje kama kawaida yangu, nikaona mtoto ameketi juu ya lile jiwe. Alikuwa Kemunto. Mama yake alikuwa ndani, akidhani yuko na kwaya. Kwaya ikasimama, ikaimba bila yeye. Mwalimu wao alikuwa akiwaongoza akitabasamu.

Nilimwona Bosibori, na mwavuli wake. Nilisikia moyoni, wazi kabisa, kwamba nikikaa safari hii nitakuwa nimekaa mara mbili. Nikainuka katikati ya maombi. Watu walifumbua jicho moja wakanitazama. Nilikwenda hadi langoni nikaketi kwenye jiwe, na jiwe ni dogo kwa wawili, kwa hivyo nikamsukuma kidogo na nyonga.

Sikumuuliza una nini. Nilifanya kama nyanya. Nikamwambia, "We mke mwenzangu, mbona umeniachia mume peke yangu?"

Akanitazama. "Mume mwenyewe alishakufa, Nyanya."

"Basi tumebaki wajane wawili. Kula njugu."

Alikula. Alikula zote, nikabaki na maganda. Kisha akaniambia, bila kunitazama, akiongea na maganda yale. Kumbe baada ya mazoezi ya Jumatano mwalimu wa kwaya alikuwa akimbakiza nyuma, wenzake wakienda. Kuna chumba kidogo kando ya madhabahu tunapoweka ngoma na majoho. Alikuwa akimwingiza humo na kufunga mlango. Alichomfanyia humo sitakisema hapa wala popote. Ni cha Kemunto kusema au kutosema. Alikuwa amemwonya kwamba akisema, baba yake anayefanya kazi mbali atafutwa kazi. Mtoto aliamini.

Akaniomba, "Nyanya, usimwambie mama."

Nilitaka sana kumkubalia, ili tu anyamaze kulia. Lakini nilikuwa nimeshaona mwisho wa kimya. Nikamwambia, "Hilo siwezi kukuahidi. Ila popote neno hili litakapokwenda, mimi nitakuwa nimekaa kando yako. Na hukukosea chochote. Hata kidogo."

Tulikaa pale hadi ibada ikaisha. Mchana nilimpeleka nyumbani, nikamwambia mama yake nje, karibu na zizi. Mama aliniomba nirudie, nikarudia. Alikaa chini kwenye majani, akasema alikuwa amemwona mtoto akibadilika na akadhani ni ukuaji. Alikuwa hajauliza. Nikamwambia hata mimi wangu sikuuliza. Tulilia pamoja, halafu tukanawa uso.

Tulimpigia simu mchungaji. Anahudumia makanisa manne, na wakati huo alikuwa safarini. Alituambia tusilitangaze, tumngoje juma la pili, tulimalize kati yetu. Namsema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe amelisema mbele ya kanisa na kuomba msamaha. Lakini siku ile tuliweka simu chini tukatazamana. Jumatano ilikuwa siku tatu mbele. Mazoezi yalikuwapo kama kawaida, na hata kama Kemunto hangekwenda, wenzake wangekwenda.

Mtaniuliza mbona hatukukimbilia polisi. Nitasema ukweli: tuliogopa. Mwalimu yule anatoka familia kubwa, kwaya yake ilikuwa imeleta kikombe cha mashindano, na sisi tulikuwa wanawake wawili na mtoto. Tulihitaji mtu ambaye akisema, watu wanasikia. Huyo alikuwa mmoja tu. Alikuwa ni Mzee Momanyi, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia. Mimi ni mke wa mtoto wa ndugu yake. Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kumtajia hata kwamba naumwa tumbo.

Jumatatu nilikwenda hadi kwenye njia ya kwake, nikarudi. Niliomba usiku na mchana. Sikuona maono wala sikusikia sauti. Nilichopata ni wazo tu, la kijinga kidogo, na leo najua lilitoka kwa Bwana, maana Bwana hutumia hata ya kijinga.

Jumanne asubuhi nilivaa kikapu changu cha kuchumia nikaenda shambani kwake. Alikuwa katikati ya chai anachuma, na koti lake. Nikamsalimu kwa mbali. Akaitikia, akauliza kama mvua imefika kwetu. Nikasema imefika. Nikaingia mstari wa tatu kutoka kwake nikaanza kuchuma, na yeye hakuuliza sababu, akafikiri labda nimekuja kusaidia. Nilichuma hadi kikapu kikajaa nusu. Kisha nikampa mgongo, nikatazama chai.

Nikasema kwa sauti, "Majani chai, nisikilizeni. Nina neno ambalo siwezi kumwambia baba. Nitawaambia ninyi."

Nikayaambia. Niliyaambia kuhusu chumba, mlango, Jumatano, na mtoto juu ya jiwe. Mahali ambapo ulimi ulikataa nilisema, "Hapa ninyi wenyewe mnaelewa." Nyuma yangu nilikuwa nikisikia majani yakikatwa, tap, tap. Halafu yakaacha kukatwa. Nilipomaliza nikasikia kikapu kikiwekwa chini.

Nilidhani ameondoka. Kisha nikamsikia, na yeye ananipa mgongo, najua kwa vile sauti ilivyokwenda upande wa pili.

"Majani chai," akasema, "mwambieni mke wa mwanangu nimesikia. Mwambieni nimekalia kazi hii miaka minne nikisoma kwamba hakuna tatizo. Mwambieni leo ni Jumanne na mazoezi ni kesho." Akakohoa. "Na mwambieni akavae viatu. Tunakwenda Keroka."

Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimetoka nyumbani bila viatu! Ndugu zangu, nililia na nikacheka wakati mmoja, hapo hapo kwenye chai, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu mwezi ule wa Agosti.

Tulikwenda na pikipiki tatu. Kemunto na mama yake ya kwanza, mimi ya pili, Mzee ya tatu, maana hatuwezi kubanana kiti kimoja. Vijana wa bodaboda walituona tumepangana hivyo, mmoja akamtania Mzee, "Kwani mmekosana na nyanya?"

"Hatujakosana," akasema Mzee. "Tunaheshimiana. Washa."

Kwenye kituo cha polisi askari wa kike alimchukua Kemunto na mama yake chumba cha kando, akamnunulia chai na mandazi kwanza. Nilikuwa nimemwahidi kukaa kando yake, kwa hivyo niliomba, nikaruhusiwa kukaa mlangoni, ambapo ananiona. Kila mara alinitazama, nami nikampa alama ya njugu kwa vidole. Kutoka hapo tulimpeleka hospitali. Mzee alisimama nje kwenye jua muda wote huo. Nilipomletea kiti alikataa. Alisema amekaa vya kutosha.

Jumatano, kabla ya mazoezi, mwalimu yule alichukuliwa. Kesi iko mahakamani, kwa hivyo jina lake silitaji, na sisemi zaidi. Itakapokwisha, itakwisha.

Sitawadanganya kwamba wote walifurahi. Familia mbili zilihama kanisa. Kwenye kituo cha kununulia majani mwanamke mmoja aliondoka kwenye foleni aliponiona nyuma yake, akasema asije akaambiwa naye amefanya nini. Nilirudi nyumbani nikalala bila kula. Lakini nilikuwa na amani, ndugu zangu, amani ambayo nilikuwa nimeisahau jina.

Jumapili Mzee Momanyi alisimama mbele. Aliibandua ile karatasi ukutani, akaikunja, akaitia mfukoni. Alisema hawezi tena kazi ile, na akatueleza sababu kwa maneno machache. "Mlinichagua kwa kuwa mnaniheshimu. Mlitakiwa kumchagua mtu ambaye watoto wanamcheka."

Kanisa lote likageuka nyuma, likanitazama mimi na sweta langu.

Ndivyo nilivyopata kazi, mimi wa darasa la sita! Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu yule mume wangu wa miaka mitano alipiga kelele kwamba nikubali, na watu wakacheka, nikakubali. Tukawa nyanya watatu. Mama mmoja kutoka mjini alikuja kutufundisha siku tatu. Alitufundisha kwamba mtoto akisema, usimkatize, usimhoji kama askari. Usimwahidi siri. Mpeleke kwa wanaohusika siku hiyo hiyo. Tena tukae wawili, mahali pa wazi, maana hata nyanya anaweza kuwa mbaya. Tulimuuliza kama utani unaruhusiwa. Akasema utani ndio tunaomzidi yeye.

Jumamosi moja Mzee alikuja kanisani na bisibisi na msumeno. Alikwenda kwenye kile chumba cha ngoma akang'oa mlango. Hakuomba kibali cha kamati. Aliubeba begani hadi langoni, akaukatia miguu minne kutoka kwenye fremu, akagonga misumari hadi saa kumi. Ukawa benchi. Ni mbao nzuri, ya mti wa zamani. Alama ya kitasa bado iko, tundu kamili, na watoto wanapenda kutia kidole. Aliliweka benchi kando ya lile jiwe.

Yeyote asiyeweza kuingia ndani, sasa ana wa kuketi naye nje.

Na wamekuja! Mambo mengine ni madogo, mengine makubwa. Wa kwanza hakuwa mtoto. Alikuwa mama mmoja mzee asiyeona, ambaye kila mtu alijua jamaa zake wanamleta kanisani, na tukawasifu. Aliketi kwenye benchi, akalipapasa, akauliza kama ni kweli hapa watu husema. Kumbe siku nyingine zote sita alikuwa akifungiwa ndani tangu asubuhi na kikombe kimoja cha uji. Tuliwaambia wanaohusika. Leo anaishi kwa mpwa wake, anaanikwa juani kila siku kama mahindi, hayo ni maneno yake mwenyewe, na amenenepa.

Kwaya ina mwalimu mwingine, mama wa watoto wanne. Wanafanya mazoezi nje kwenye nyasi, mbuzi wakipita.

Kemunto alikaa kwenye benchi miezi mitano. Hatukumwambia ingia. Aliketi kati yetu, akala njugu, wengine wakaimba ndani. Nilikuwa nikimwambia Bwana, akitaka kukaa hapa miaka kumi na minane, nitakaa naye, mwavuli ninao. Ni ule wa Bosibori.

Jumapili moja ya mwezi huo wa tano wimbo ulianza ndani, akainua kichwa akasema, "Wameanzia juu sana. Watakwama." Kweli wakakwama. Akacheka, akapangusa maganda kwenye sketi, akainuka. Akaingia na mlango wa mbele kwa miguu yake mwenyewe, akasimama na wenzake, akauanza wimbo upya, chini kidogo, mahali pake.

Sisi nyanya tulipiga vigelegele hadi mchungaji akaketi. Mama yake alikuwa amepiga magoti. Mzee Momanyi alikuwa amegeuza uso ukutani, akikohoa sana. Nami, ndugu zangu, mdomo wangu ulifunguka! Niliimba. Niliimba beti zote nne nikiwa nimesimama langoni kwenye jua. Ibada ilipoisha Kemunto alinijia akaniambia, "Nyanya, nimekusikia kutoka kule mbele. Umeimba kama mbuzi amekanyagwa." Sijawahi kupewa sifa tamu kama hiyo.

Basi Bwana aliniokoa na nini? Aliniokoa na kimya. Hakunirudishia Bosibori wangu. Kila Jumapili nikiketi pale, jiwe liko kushoto kwangu, na kuna siku naliwekea mkono. Namwambia, mwanangu, nimetoka nje. Nimechelewa, lakini nimetoka. Namshukuru Mungu aliyeniinua siku ile katikati ya maombi, kwa sababu naamini yeye mwenyewe alikuwa ameshatoka kitambo, yuko kwenye jiwe.

Ninyi wa Masimba, kama kuna mtu anayekaa nje ya lango lenu, mtoto au mzee, msimwombee tu aingie. Nendeni mkaketi naye. Na kama wewe ndiye unayekaa nje, mtumaini Bwana, na mtafute nyanya. Tuko wengi, na tuna njugu. Jina la Mungu aketiye pamoja nasi litukuzwe.

Nimalizie na la mwisho. Limetokea Jumapili iliyopita, na mwenyewe ameniruhusu niliseme hapa Masimba, lakini si kwao. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi na nyanya mwenzangu. Kemunto akatoka ndani akiwa amemshika mkono kijana mmoja mdogo, si mume wangu, mwingine. Kijana alikuwa amefumba mdomo kwa nguvu na macho yamejaa machozi.

"Nyanya," Kemunto akasema, "huyu ana neno. Nimemwambia hapa husemwa. Mimi nitakaa pale."

Nikasogea, nikampa nafasi kati yetu. Alitia kidole kwenye tundu la kitasa, akakizungusha, akakizungusha. Kisha akaniinamia sikioni, akaninong'oneza kwamba jino lake limeng'oka wakati wa mahubiri, na amelimeza.

Nikamwambia apanue mdomo nione.